Bonyeza Moja Kama Uko Sawa

Syokimau,
Jumapili, 2 Februari 2025

Mama mpendwa,

Uliponikataza kukupa habari kwa simu, ulisema simu ni ya kujuliana hali na barua ndiyo ya kuambiana mambo. Basi nimenunua karatasi yenye mistari. Ndambuki ameniahidi kwamba siku zake za kuleta maparachichi huku, Jumanne na Ijumaa, atakuwa tarishi wetu. Mimi ni mzima wa kutosha kushika kalamu, mengine utayasoma.

Umeniuliza mara mbili kazi yangu ni nini na mara mbili nikakujibu vibaya. Nijaribu tena. Mtu anaposhika simu yake, kuna mtu mwingine aliyekaa mahali akaamua kitufe kiwe wapi, kiandikwe nini, na kikibonyezwa kitokee nini. Huyo ndiye mimi. Ulituambia darasani kwamba mtoto mmoja akikosea hesabu ni mtoto, darasa zima likikosea ni mwalimu. Maneno hayo nimeyabandika ukutani ofisini.

Sasa tumepewa kazi ya wazee wenye presha. Zahanati inataka kujua kila asubuhi nani ni mzima na nani afuatwe nyumbani. Aliyeitengeneza kwanza aliweka maswali manane: umemeza dawa, kichwa kinauma, miguu imevimba, na kadhalika. Wazee wakifika swali la tatu walizima simu wakaenda kukamua. Ndipo ikaletwa kwangu. Nimekuwa nikiondoa swali moja moja, kama mtu anayechambua maharagwe, na kila nilipoondoa mtu fulani alilalamika kwamba hilo ndilo muhimu. Juzi nimebaki na moja. Saa moja asubuhi simu inalia, na kwenye kioo pameandikwa: Habari ya asubuhi, Nzembi. Uko sawa? Bonyeza 1 kama ndiyo, 2 kama hapana. Basi. Nilikaa nikaitazama muda mrefu. Ilikuwa kama chumba kilichofagiliwa.

Tunahitaji wazee arobaini wa kuijaribu, nami nimeomba wawe wa Kalama. Nataka uwe wa kwanza. Niambie ukweli, kwa wino mwekundu ukipenda.

Mwanao,
Kasiva


Kalama,
Alhamisi, 13 Februari 2025

Kasiva mwanangu,

Barua yako ilifika ikinukia parachichi. Nimeisahihisha makosa mawili, nitakuonyesha ukija. Huku tuko, na kuku wanataga.

Wesley, yule kijana mhudumu wa afya anayepita nyumbani kwetu kwa pikipiki, alitukusanya arobaini sote kwenye ukumbi wa kanisa na simu zetu. Ungekuwepo. Mzee Muindi, simu ilipolia, aliipeleka mdomoni akasema, "Aa, niko sawa, lakini hili goti la kushoto limekataa kupanda."

Wesley akamwambia, "Mzee, haisikii. Bonyeza moja tu."

"Si imeniuliza?"

"Imekuuliza, lakini haisikii."

"Sasa inaniuliza ya nini?"

Ndinda alicheka mpaka kitambaa kikaanguka. Unamjua rafiki yangu Ndinda. Akasema, "Mume wangu tulikaa miaka thelathini na hakuwahi kuniuliza kila asubuhi kama niko sawa. Huyu wa simu akinitaka niko tayari." Wanawake wakamwambia basi alipe mahari yeye mwenyewe.

Umetaka ukweli. Ni rahisi sana, hata mimi niliyekuwa naogopa simu yangu naiweza bila miwani. Kitu kimoja tu nimekumbuka. Nilipokuwa nafundisha, nilikuwa naita majina asubuhi kwa dakika kumi, na mwalimu mkuu alinilaumu kwa sababu wenzangu walitumia mbili. Wao walisikia "niko" wakatia alama. Mimi kila mtoto nilimuuliza neno moja zaidi: umekula nini, mama amerudi, kiatu kiko wapi. Hayo ni ya zamani. Nakuandikia tu kwa sababu yalinijia.

Jumatano mwethya ulikuwa shambani kwa Ndinda. Mmesahau huko, lakini sisi wanawake ishirini bado tunalimiana kwa zamu, na matuta yote lazima yaishe kabla ya mvua. Tumechimba tangu alfajiri hadi saa sita. Mgongo unakusalimu.

Mama yako,
Nzembi


Syokimau,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Nausalimu mgongo wako kwanza, halafu wewe.

Ni wiki tatu tangu tuanze, na watu arobaini wanajibu kila siku. Katika kazi hii watu wakijibu nusu tunanunuliana keki. Tracy, msimamizi wangu, aliugeuza uso wa kompyuta yake nione. Mstari mmoja ulionyooka kutoka upande hadi upande. "Kasi, hii imeweza," akasema. "Wote arobaini, kila siku, ni moja tu. Hakuna mbili hata ya dawa." Tarehe nne Aprili tutawaonyesha wageni wanaotaka kuipeleka kaunti nyingine, na mimi ndiye nitakayesimama mbele. Wakiikubali, nitapewa kikundi changu mwenyewe. Nimewahi kukuambia kwamba nataka kitu? Hiki nakitaka.

Najiuliza kama ninavyojiuliza kila kitu: je, kweli tangu Februari hakuna mtu aliyeamka vibaya Kalama nzima? Nilimuuliza Tracy. Akasema hewa ya milimani. Nikacheka naye, na nikapenda jibu kwa sababu lilikuwa fupi.

Jambo jingine. Barua yako iliyopita, mistari inateremka kuelekea kulia. Karatasi imepigiwa mistari, Mama, na maneno yako yanaiacha. Wewe uliyetuchapa vidole kwa ajili ya mistari. Una nini?

Mwanao,
Kasiva


Kalama,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Kasiva mwanangu,

Sote tuko salama. Meza imelegea mguu mmoja, ndiyo maana maandishi yanateremka. Nitamwita fundi.

Mvua imetishia mara mbili ikarudi. Matuta yamekwisha isipokuwa kwa watu wawili. Kuku mmoja amepotea na namshuku mbwa wa Muindi. Ndinda hayuko kwa sasa, amekwenda mjini kidogo, kwa hiyo Jumapili nitakaa peke yangu kwenye benchi letu kanisani.

Jiandae vizuri kwa hiyo tarehe nne. Usivae zile suruali zilizochanika magoti kwa makusudi. Simama wima, sema polepole, tazama watu walioko nyuma. Usihangaike na ya huku.

Mama yako,
Nzembi


Kalama,
Alhamisi, 27 Machi 2025

Dada Kasiva,

Pokea salamu. Mimi ni Wesley Musili, mhudumu wa afya wa jamii. Mwalimu amenikataza kukupigia simu. Kuandika hakunikataza, kwa hiyo naandika.

Jumanne ya tarehe kumi na nane, mkamwana wa Mama Ndinda alimkuta kitandani saa mbili asubuhi. Mdomo ulikuwa umeenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Tulimpeleka hospitali mjini na bado yuko huko. Hawezi kuongea. Simu alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto. Jibu lake lilikuwa limeingia saa moja na dakika tatu. Ni moja. Sijui alibonyeza kabla ya kupatwa au baada.

La pili ndilo limenifanya niandike. Juzi Mwalimu alinituma nimletee majani ya chai kutoka rafuni. Ndani ya kopo nilikuta vile vidonge vyake vya kupunguza maji mwilini, vile vya Januari. Vimepungua vichache tu. Nilimuuliza. Akaniambia, "Wesley, nilikufundisha kusoma, sikukufundisha kupekua." Si unamjua. Lakini nikampima na presha yake iko juu sana.

Kila asubuhi anabonyeza moja.

Niwie radhi,
Wesley


Syokimau,
Jumatatu, 31 Machi 2025

Mama,

Sikusalimii. Nikianza na salamu utanijibu salamu, na tutakuwa tumemaliza.

Nilikuja Jumamosi nikakaa siku mbili. Ulinichinjia kuku. Tulizungumza harusi ya watu, bei ya mbolea, mbwa wa Muindi. Meza yako niliitikisa ulipotoka nje. Haijalegea mguu wowote. Nikakupeleka zahanati, na daktari alipokuuliza kama unameza dawa zako ulisema, "Nameza, daktari," kwa sauti ile ile ya upole unayomwambia padri kwamba mahubiri yalikuwa mazuri. Kopo lilikuwa kwenye mkoba wangu. Ningeweza kulitoa. Sikulitoa, kwa sababu wewe ni mama yangu na palikuwa na watu.

Nami nikuambie langu, ili tuwe sawa. Tangu Februari ujumbe ule unakuja pia kwenye simu yangu, kwa sababu mbunifu lazima aishi na alichokitengeneza. Habari ya asubuhi, Kasiva. Uko sawa? Kuna wiki nzima ya Machi ambayo nilikuwa naamka nimebanwa na kifua, nakaa ukingoni mwa kitanda nikiwa siwezi kuvaa kiatu, sijui kwa nini, na sijamwambia mtu. Nimeangalia kumbukumbu za wiki hiyo. Moja, moja, moja, moja, moja, moja, moja. Sikumbuki hata nikibonyeza.

Niliondoa maswali saba, Mama. Mojawapo lilikuwa "umemeza dawa?" Tangu Ijumaa nalifikiria hilo swali na Mama Ndinda kwa pamoja na siwezi kuvitenganisha.

Nakuuliza moja tu, na unijibu kwa kalamu kabla ya Ijumaa: kwa nini humezi?

Kasiva


Kalama,
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Kasiva,

Umeuliza, nami nitajibu kama nilivyowafundisha wengine kujibu, kwa sentensi kamili.

Sijameza vidonge vya maji tangu katikati ya Januari. Kidonge kile ukikimeza asubuhi kinakutoa nje mara nne kabla ya saa nne. Jumatano tuko mwethyani, wanawake ishirini kwenye mstari, kilima kitupu, hakuna hata kichaka, na wanaume wanapita na ng'ombe. Jumapili mimi ndiye ninayesoma neno mbele ya watu. Mwanamke wa miaka sitini na nane aliyefundisha nusu ya Kalama hawezi kuacha jembe akakimbia ameshika sketi huku aliowafundisha wanamtazama. Kwa hiyo niliacha Jumatano na Jumapili. Halafu nikaona siku hizo sikufa, nikaacha zote. Ungeniwekea kitufe gani cha kusema hayo?

Sasa lililo zito. Ndinda naye alikuwa na shida hiyo hiyo. Aliniuliza, "Mwalimu, wewe unafanyaje siku ya jembe?" Nikamwambia, "Acha tu, mimi nimeacha." Kwa miaka arobaini Ndinda amefanya kila nilichomwambia. Nilimwambia apande mtama, akapanda. Nilimwambia amsamehe shemeji yake, akasamehe. Wesley hajui kama alibonyeza kabla au baada. Mimi najua. Ni baada. Ndinda hajawahi kuacha salamu bila jibu, hata akiwa matangani.

Usijibebeshe lile swali uliloliondoa. Ungeniuliza kama nimemeza, ningekudanganya, lakini ningejua kwamba nimedanganya, na mwalimu akidanganya halali vizuri. Wewe uliniuliza kama niko sawa. Hilo kwetu si swali. Mtu akikuamkia kwa Kikamba, "Wakya?" utamjibu nini zaidi ya "Aa"? Hata kama nyumba inaungua nyuma yako, kwanza unasema "Aa", halafu mwenzako anaketi, halafu ndipo unamwambia habari ya moto. Simu yako haiketi. Inasema asante na kuzima.

Na tena nilijua nyuma ya simu uko wewe. Kila saa moja nilikuwa nasema, mwanangu ameamka, ananiuliza hali. Ningewezaje kukubonyezea mbili asubuhi hujanywa chai?

Meza haina kosa. Jicho la kulia lina ukungu asubuhi.

Barua hii utaipata kesho kabla ya wageni wako. Jina la Ndinda usilitaje. Langu litaje ukitaka. Fanya unaloliona ni haki, hata kama ni kunyamaza. Najua unachokitaka na una haki ya kukitaka. Mimi leo nimemeza. Nimetoka nje mara tatu tangu nianze kuandika ukurasa huu.

Nzembi


Syokimau,
Jumatano, 9 Aprili 2025

Mama,

Nimefurahi kukusikia Jumamosi ukimwambia daktari wa pili yote, mpaka ile ya sketi. Aliandika muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Hizo saa mpya alizokupangia zishike.

Sikupata nafasi ya kukueleza Ijumaa ilivyokuwa. Njiani ulilala na nikaona heri ulale.

Nilisoma barua yako nimesimama karibu na gari la Ndambuki. Ofisini nilivaa sketi, utafurahi. Wageni sita. Tracy aliwasha ule mstari ulionyooka ukajaa ukuta mzima, wakanong'onezana kwa kupendezwa. Nilitakiwa kuanza na maneno niliyoyakariri. Badala yake nikasema, "Habari za asubuhi?" Wote wakajibu, "Nzuri." Mmoja wao, mwanamume wa makamo, alikuwa na mkono uliofungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia, "Mzee, na huo mkono?" Akautazama kama mtu aliyeusahau. Akasema alivunjika Jumatatu na hajalala.

Nikawaambia mstari ule unaonyesha jambo moja tu, kwamba watu wa Kalama wana adabu. Nikawaeleza kuhusu kidonge cha maji na kilima kisicho na kichaka. Nilisema ni mama yangu. Nikasema pia kuna mwanamke aliyejibu moja akiwa hawezi kuinua mkono, na kwamba nilikuwa nimejivunia jibu lake. Hapo nikatazama watu walioko nyuma kama ulivyonifundisha.

Hawakuikubali. Wamesema turudi mwezi wa saba. Jioni Tracy alinifuata mezani. Akasema, "Umetuangusha, Kasi," halafu, "Lakini hungesema kingine." Kikundi sikupewa. Nilidhani nitaumia zaidi.

Nimerudi mezani. Nilikuwa naamini urahisi ni kumpunguzia mtu kazi ya kujibu. Kumbe nilikuwa nimejipunguzia mimi kazi ya kusikiliza. Sijarudisha maswali manane. Salamu nimeiacha, kwa sababu huwezi kumrukia mtu. Ukishabonyeza moja, simu haizimi tena. Inauliza jambo moja, na nimeliiba kutoka kwa mzee Muindi: Na leo ni nini kimekataa? Hapo hakuna vitufe. Mtu anasema kwa mdomo wake, Kikamba au Kiswahili, na Wesley anasikiliza kabla hajawasha pikipiki. Wesley anasema itamchukua dakika arobaini kila siku. Nimemwambia kuna mwalimu aliyekuwa akitumia kumi kwa darasa moja.

Umwambie Muindi kwamba sasa inasikia.

Nami nimekwenda kumwona mtu kuhusu kile kifua. Nitakueleza ukiniuliza.

Kasiva


Kalama,
Alhamisi, 8 Mei 2025

Kasiva mwanangu,

Leo siko sawa. Goti limeanza kumuiga Muindi, na tangazo la harusi kanisani nililisoma vibaya kwa ajili ya lile jicho, bwana harusi akageuka kuwa baba yake. Watu wamecheka wiki nzima. Nimemeza zote.

Muindi ameambiwa inasikia. Wesley analalamika kwamba kila asubuhi mzee anaanza na goti anamaliza na historia ya ukoo wao. Juzi lakini alitaja katikati ya hiyo historia kwamba ana siku mbili hajaona vizuri, Wesley akamfuata mbio.

Wiki mbili zilizopita, Jumatano, palizi ilikuwa shambani kwangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliwaza sana. Asubuhi nikachukua miti minne na magunia, nikamwita mkamwana wa Ndinda, tukachimba shimo ukingoni mwa shamba na kulizungushia. Choo, basi. Nikawaambia wanawake, "Hiki ni changu, niko na dawa inayonitoa nje, na sitaki maneno." Nilitegemea vicheko. Hakuna aliyecheka. Kufika saa tatu nilitaka kwenda nikakuta foleni. Watu sita mbele yangu, Kasiva. Mmoja ananiambia bila kunitazama, "Mwalimu, hata mimi niko na hicho kidonge. Tangu mwaka juzi." Mwingine anasema, "Mimi huwa sinywi hata maji siku ya mwethya." Sasa magunia yale yanahama shamba kwa shamba pamoja na sisi, na anayelimiwa ndiye anayechimba shimo. Hilo ulichukulie kama sehemu ya kazi yako, ingawa halina umeme.

Ndinda amerudi nyumbani. Mkono bado. Maneno yanakuja machache, mengine yanapotea njiani. Sikuwa nimekwenda kumwona tangu atoke hospitali. Nilikuwa natuma uji. Juzi nilikwenda mwenyewe. Alikuwa ameketishwa nje, kwenye jua, na blanketi magotini. Nilikuwa nimepanga la kumwambia, lakini nilipomfikia mdomo ulifanya ulichokizoea. Nikasema, "Wakya, Ndinda?"

Alinitazama. Midomo ilitafuta lile jibu, nikaiona ikilitafuta, neno moja dogo ambalo hata mtoto mchanga analiweza. Kisha akaacha kulitafuta. Akatikisa kichwa. Hapana.

Miaka arobaini, na ni mara ya kwanza.

Nikavuta kigoda, nikaketi.

Mama yako,
Nzembi